Je, sakafu yako itabeba tangi la samaki? Dalili, vyanzo na la kufanya katika nyumba za Mombasa

Swali hili huulizwa likiwa limechelewa. Tangi limeshajazwa, samaki wameshaingia, ndipo mwenye nyumba anaona maji yamepanda upande mmoja, au jirani wa chini anapiga hodi kuuliza ule ufa wa darini umetoka wapi. Mwongozo huu unaanza na kile unachokiona, kisha unatafuta chanzo chake.

Nitoe msimamo wangu mapema. Slebu ya zege iliyo nzima hubeba tangi la wastani bila taabu, mradi limewekwa mahali panapofaa. Hatari ya Mombasa ni uzito huo kuwekwa juu ya nondo zilizokwisha kuliwa na kutu, au juu ya boriti zilizokwisha kuliwa na mchwa. Ndiyo maana hali ya sakafu kwa upande wa chini inanishughulisha zaidi kuliko ukubwa wa tangi.

Pima uzito kwanza

Lita moja ya maji baridi ni kilo moja, na ya maji ya bahari inazidi kidogo tu. Chukua tangi la sentimita 120 kwa 50 kwa 50, ukubwa ambao wengi huuingiza sebuleni. Likijazwa hadi juu ni lita 300, lakini kwa kawaida hujazwa kama lita 270. Kioo cha milimita 10 kina kilo 25 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo tangi tupu ni karibu kilo 58. Ongeza mchanga, mawe na stendi ya mbao, na jumla itafika kati ya kilo 420 na 450. Huo ni uzito wa watu wazima sita waliosimama bega kwa bega mahali pamoja, usiku na mchana, miaka nenda miaka rudi.

Kuna hesabu nyingine fupi inayofaa kukumbukwa dukani: kila sentimita 10 za kina cha maji huweka kilo 100 kwa kila mita ya mraba ya sakafu iliyo chini ya tangi. Tangi refu kwenda juu huikandamiza sakafu zaidi kuliko tangi pana lenye lita zilezile. Kama bado hujanunua, chukua pana.

Mainjinia wanaofuata viwango vya Uingereza, vilivyotumika Kenya kwa miaka mingi, huipigia sakafu ya nyumba ya kuishi hesabu ya takriban kilo 150 kwa kila mita ya mraba, mbali na uzito wa sakafu yenyewe. Mtu akisoma hivyo, kisha akaona tangi lake linaweka kilo 750 kwa mita ya mraba, hushtuka. Ile 150 ni ya chumba kizima. Chumba cha mita 3 kwa 4 kimekadiriwa kubeba kilo 1,800 zilizotawanyika. Hilo halikupi ruhusa ya kuzirundika zote pembe moja, ila linaonyesha kwa nini tangi moja la kilo 450 haliangushi jengo zima.

Katika hesabu hiyo usisahau mapipa. Mji huu una mgao wa maji, na nyumba nyingi za ghorofa zina pipa la lita 200 jikoni au mlangoni mwa bafu. Pipa likiwa hatua mbili kutoka kwenye tangi, juu ya slebu ileile, nalo lihesabiwe.

Dalili: maji yamepanda upande mmoja

Hii ndiyo inayoogopesha watu wengi, na mara nyingi haitokani na sakafu kulegea. Mafundi wengi huinamisha sakafu kidogo kuelekea mlangoni au kwenye veranda ili maji ya kupigia deki yatoke. Tofauti ya milimita 5 kutoka mwisho mmoja wa tangi hadi mwingine inaweza kuwa ilikuwapo siku vigae vilipolazwa.

Weka pima maji sakafuni pembeni mwa stendi, si juu ya tangi. Kama huna, tumia mpira mwembamba unaopitisha mwanga uliojazwa maji, ule mafundi wanaotumia kusawazisha msingi. Kwa umbali wa mita kadhaa ni sahihi kuliko pima maji fupi. Sakafu ikiwa imeinama sehemu zote za chumba, chanzo ni mwinamo wa ujenzi. Sakafu ikiwa sawa na tangi limeinama, kasoro iko kwenye stendi: mbao zimevimba kwa unyevu, au mguu mmoja umezama.

La kuchunguza ni mabadiliko. Bandika utepe kwenye kioo pembe zote nne, uandike tarehe, utie alama usawa wa maji, kisha pima tena baada ya wiki na baada ya mwezi. Tofauti isiyosogea irekebishwe kwa kutoa maji na kuweka vipande vya kusawazisha chini ya stendi yote, wala usipachike kibao chini ya mguu mmoja huku tangi limejaa, kwa kuwa kioo kinachokunjwa hupasuka kabla ya sakafu kufanya lolote. Tofauti inayokua wiki hadi wiki ni habari nyingine. Nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya dari ya jirani.

Dalili: maji yanatikisika watu wakipita

Chota maji kwenye bakuli pana, liweke sakafuni karibu na tangi, kisha mwambie mtu apite kwa mwendo wa kawaida. Maji ya bakuli yakitulia na ya tangi yakicheza, stendi ndiyo inayoyumba. Funga ubao wa mgongoni kwa skrubu, maana stendi nyingi za kuchongesha mitaani huwa na miguu mizuri lakini hazina kitu cha kuzuia kuyumba ubavuni.

Maji ya bakuli yakitikisika pia, sakafu inacheza. Kwenye slebu ya zege mtikisiko unaoonekana kwa macho si kawaida ukiwa karibu na ukuta. Ukiwa katikati ya chumba kipana, unakwambia uhamishe tangi. Uzito uleule ukiwekwa katikati ya slebu inayovuka mita 4 huipinda zaidi ya mara tatu kuliko ukiwekwa sentimita 30 kutoka kwenye ukuta unaoibeba. Basi mahali pa tangi ni ukutani.

Lakini ukuta upi? Kwenye maghorofa ya Nyali, Tudor au Kizingo kuta nyingi za ndani ni za kugawa vyumba tu. Zimejengwa juu ya slebu, hazibebi kitu. Shuka ghorofa ya chini uangalie. Ukiona bimu limening'inia chini ya dari mahali ukuta wako ulipo, au ukuta unaendelea palepale hadi chini, hapo pana mbebaji. Ukikuta dari tupu, ukuta wako na tangi lako vyote ni mzigo wa slebu.

Dalili: kigae kimepasuka chini ya mguu wa stendi

Gonga vigae vilivyo jirani kwa mpini wa nyundo. Vikitoa mlio wa uwazi, fundi aliweka simiti madonge madonge badala ya kuisambaza, na kigae kilikuwa kinaelea. Zege lililo chini halina kosa. Mguu mmoja wa stendi ya miguu minne hubeba kama kilo 110 juu ya eneo la sentimita chache, na kigae chenye utupu hakiwezi. Ng'oa vigae vya sehemu hiyo, vilazwe upya, au tumia stendi yenye kitako kamili juu ya ubao wa plaiwudi ya kuhimili maji unaotawanya uzito. Tatizo hili halina zaidi ya hapo.

Dalili: dari ya jirani wa chini ina ufa, doa au plasta inayodondoka

Ukiwa unaishi juu, kagua hapa hata kabla ya kununua tangi. Piga hodi kwa adabu, mweleze jirani ukweli: "Dada, nataka kuweka tangi la samaki juu ya chumba chako, naomba niitazame dari yako kwanza." Watu hukubali kwa moyo wanapoulizwa mapema. Mlango huohuo huwa mgumu wakati maji yameshaanza kudondoka.

Ukiwa ndani, tenganisha aina za nyufa. Nyufa nyembamba zilizotapakaa pande zote bila mpango ni za plasta iliyokauka haraka. Ufa mmoja mnyoofu kutoka ukutani hadi kwenye taa hufuata bomba la nyaya za umeme lililozikwa karibu na uso. Hizo mbili ziache.

Ufa unaopita katikati ya chumba, sambamba na kuta zinazobeba, na unaoingiza ukingo wa kadi ya benki, unaonyesha slebu imepinda kupita kiasi. Toa maji hadi robo ya tangi siku hiyohiyo, kisha endelea na uchunguzi.

Nyufa zilizonyooka zinazorudiana kwa nafasi sawa, zenye doa la rangi ya kahawia, ni za kutu, na ndizo ninazoziogopa kuliko zote katika mji huu. Chuma kikishika kutu huvimba. Kutu huchukua nafasi mara mbili au zaidi ya chuma kilichokuwapo, na zege halina pa kwenda ila kupasuka. Mwanzo utaona mstari mwembamba, kisha doa, kisha kipande cha zege kinaachia na nondo inaonekana imechakaa. Kwa wakati huo chuma kilichobaki si kile injinia alichokipigia hesabu.

Vyanzo viko wazi kwa yeyote aliyekulia pwani. Upepo wa Kusi huleta chumvi moja kwa moja hadi kwenye kuta na veranda zinazotazama bahari. Baadhi ya majengo yalichanganyiwa mchanga wa ufuoni usiooshwa, au maji ya kisima yenye chumvi, na chumvi hiyo imo ndani ya zege tangu siku ya kwanza. Penye nondo zilizofunikwa kwa zege jembamba, chini ya sentimita 2, kutu hufika mapema zaidi. Bafu linalovuja ghorofa ya juu hufanya kazi hiyohiyo hata kama bahari iko mbali. Kwa hiyo umri wa jengo haukuambii mengi: ghorofa ya miaka kumi iliyojengwa kwa mchanga mbaya inaweza kuwa hoi kuliko ya miaka hamsini iliyojengwa kwa uangalifu.

Gonga dari taratibu kwa mpini. Penye mlio wa utupu, tia alama ya chaki. Kama jirani ameweka dari ya jipsam, slebu imefichwa. Omba fundi wa umeme afungue taa moja, mmulike ndani kwa tochi. Ufa usioujua, ubandikie kipande chembamba cha kioo kinachouvuka, ukigundishe kwa gundi ngumu ya epoksi, uandike tarehe. Silikoni ya matangi haifai kwa kazi hii kwa sababu inavutika. Kioo kikikatika, ufa unatembea.

Kupaka rangi juu ya doa la kutu, au kupiga plasta mpya, ni kumficha mgonjwa. Zege lililolegea linapaswa kubanduliwa hadi kwenye chuma kizima, chuma kisuguliwe, kilichoisha kiongezwe, ndipo kifunikwe. Mpaka hapo, hakuna tangi la ukubwa wowote juu ya dari hiyo.

Nyumba za Mji wa Kale

Hapa maelezo ya slebu hayatumiki. Ghorofa za zamani zina kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, na sakafu ya juu imelazwa juu ya boriti za mikoko zilizopangwa karibu karibu. Boriti hizo hazivuki mbali, ndiyo maana vyumba vya kale ni vyembamba na virefu. Juu yake pana mawe na chokaa kwa unene unaoweza kupita sentimita 20. Sakafu hiyo tayari ni nzito kabla hujaweka hata kiti.

Anza na kuuliza nini kimeongezwa juu. Wengi wamemwaga zege jipya na kulaza vigae juu ya chokaa ya zamani. Sentimita 5 za zege ni kilo 120 kwa kila mita ya mraba, karibu sawa na akiba yote inayohesabiwa kwa watu na vyombo katika nyumba ya kisasa. Boriti zilezile za babu zimekuwa zikibeba ziada hiyo kimya kimya.

Vumbi laini la njano linalodondoka asubuhi chini ya boriti ni kazi ya wadudu wanaotoboa mti. Njia za udongo ukutani ni za mchwa. Chukua bisibisi uisukume kwenye boriti kila baada ya hatua moja: mti mzima huikataa, mti uliooza huipokea. Pima hasa ncha zinazoingia ukutani, mahali unyevu unapokaa, zaidi kama upande wa pili ni bafu au mfereji wa mvua.

Hapo ushauri wa kusogea ukutani unahitaji tahadhari. Kusogea ukutani kunapunguza kupinda, lakini kunaupeleka mzigo kwenye ncha ya boriti, na ncha ndiyo huoza kwanza. Kama ncha ni nzima, weka tangi karibu na ukuta unaopokea boriti, urefu wake ukivuka boriti nyingi ili zigawane mzigo. Tangi likilazwa sambamba na boriti, mbili au tatu ndizo zitakazobeba lote. Kama ncha imelainika, hakuna mahali salama katika chumba hicho.

Binafsi sipendekezi zaidi ya lita 100 kwenye ghorofa ya boriti bila mtu mwenye ujuzi kuipitia. Tangi kubwa liwe chini, kwenye daka au chumba cha kwanza, ambako pia linapendeza wageni wakiingia. Na ukitaka kuongeza nguzo au kubadilisha boriti, fahamu kwamba Mji wa Kale ni eneo la hifadhi. Wasiliana kwanza na ofisi ya uhifadhi iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya.

Veranda inayoning'inia

Hapana, usiweke tangi hapo. Veranda imeshikiliwa upande mmoja, nondo zake muhimu ziko juu, mvua na chumvi huanzia hapohapo. Ufa kwenye sakafu ya veranda, sambamba na ukuta wa nyumba, ni sababu ya kuondoa hata vyungu vya maua.

Sakafu ya chini inazama

Kwenye nyumba za Kiswahili za Majengo, Likoni au Kisauni sakafu hulala juu ya ardhi, na hakuna anayeishi chini yako. Afueni hiyo ni kubwa. Tatizo likitokea huonekana kama mwanya kati ya sakafu na ukuta, au sakafu inayobonyea pembe moja.

Chanzo cha kwanza ni kifusi kilichojazwa bila kushindiliwa, kisha kikafunikwa kwa simiti nyembamba. Cha pili ni shimo la choo la zamani lililofukiwa, jambo la kawaida kwenye viwanja vilivyojengwa upya mara kadhaa. Waulize wazee wa mtaa choo cha kwanza kilikuwa wapi, wao hukumbuka. Kama ni kifusi, sehemu ya tangi ivunjwe, ishindiliwe, imwagwe zege la sentimita 10 lenye wavu wa chuma, pana kuliko stendi. Kama ni shimo, hamisha tangi.

Doa la kutu limeanzia chini ya tangi lako

Tangi la maji ya bahari la lita 300 lina karibu kilo 10 za chumvi. Matone ya kila unapobadilisha maji hupenya kwenye viungo vya vigae, hukauka, huacha chumvi, na mwaka hadi mwaka chumvi hiyo hushuka kwenye nondo. Weka trei yenye kingo chini ya stendi, ziba viungo vya vigae, futa kwa maji baridi kila baada ya kazi. Mwenye tangi la maji baridi ana nafuu hapa.

Nani wa kuitwa

Kwa slebu isiyo na dalili, tangi la hadi lita 200 ukutani halihitaji mtaalamu. Kati ya lita 200 na 400 fanya uchunguzi wote ulioelezwa hapo juu. Kupita hapo, au penye dalili yoyote ya kutu na kupinda, ita injinia wa majengo aliyesajiliwa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya. Fundi mzuri wa mjengo anajua kurekebisha, lakini hesabu ya nondo si kazi yake. Mwombe mwenye jengo michoro ya slebu. Injinia ataitaka, pamoja na uzito wa jumla, vipimo vya kitako cha tangi na mchoro wa mahali lilipo.

Likiwa la dharura, yaani ufa umepanuka leo, vipande vya zege vimeanguka, au mlango wa chini umeanza kukwama, zima umeme wa pampu na taa kabla ya kutia mkono majini. Nyonya maji kwa mpira hadi yabaki sentimita 10 au 15. Samaki wengi watavumilia humo kwa saa kadhaa ukiwawekea kipulizia hewa cha betri. Mpira uende moja kwa moja kwenye bomba la kutolea maji la bafuni. Ukijaza ndoo na mapipa mle chumbani, slebu inabaki na mzigo uleule. Halafu shuka umwambie jirani ahamishe vitanda kutoka chumba kile, na asilale humo mpaka injinia amekwisha kukitazama.